Mguu wa Kushoto, Gurudumu la Kushoto

Rhonda Kangas alikuwa akirudi na lori la kaunti la kusukuma theluji, sanduku la chumvi ya kuyeyushia barafu likiwa karibu tupu, alipoliona gari la mama yake limesimama pembeni mwa Barabara ya Salmi. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka gurudumu la mbele la kushoto. Mama mwenyewe, Lempi, mwanamke wa miaka sabini na mitano, alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, pua ameisogeza gurudumuni kama mpishi anayenusa chungu ajue kama maharagwe yameungua.

“Mama! Toka hapo!”

“Njoo unuse,” Lempi alisema bila kugeuka. “Si tairi. Si mafuta ya injini. Inafanana na nini hii?”

Rhonda hakuhitaji kunusa. Alikuwa ameendesha malori ya kaunti tangu usichana wake.

“Ni breki, Mama. Na breki haziungui zenyewe. Ni huo mguu wako wa kushoto.”

Lempi akainuka, akajipangusa magoti. Hakukasirika. Alilitazama gurudumu, akautazama mguu wake, akalitazama tena gurudumu, kama mtu aliyeletewa mashahidi wawili asijue amwamini yupi.

Habari ya mguu huo ilijulikana na kila mtu katika barabara ile. Watu wengi huendesha gari kwa mguu mmoja, wa kulia, ukihama kati ya mafuta na breki. Lempi aliendesha kwa miguu miwili. Alifundishwa hivyo na marehemu mumewe, Waino, ambaye enzi za ujana wake alikuwa akishindana na wenzake kwa magari kwenye njia za magogo, baridi ikiwa imeugeuza msitu mzima kuwa kioo. “Kulia unalisha, kushoto unatuliza,” Waino alikuwa akimwambia. Na kweli, kwenye theluji, ukigusa breki kwa kushoto huku kulia kunaendelea kulisha, pua ya gari huingia kwenye kona yenyewe, kama ng’ombe anayejua zizi lake. Ila mguu unaokaa juu ya pedali mwaka baada ya mwaka hauchelewi kujifunza kupumzika hapohapo. Hilo Waino hakulisema.

“Leta funguo,” alisema Rhonda.

“Bado hatujajua.”

“Mimi najua. Unakanyaga breki njia nzima na hujui kama unakanyaga. Siku moja utawaka moto hapa, na mimi ndiye nitakayekukuta, na hili lori.”

“Na wewe ndiye unayemwaga chumvi,” Lempi akajibu. “Tangu lini gari la huku likazeeka kwa maili? Linazeeka kwa chumvi inayokula chuma. Huenda ni wewe uliyeunguza breki yangu.”

“Bila chumvi yangu ungekuwa umelala mtaroni tangu Krismasi.”

Wakacheka, lakini Rhonda hakuurudisha mkono wake. Ulikuwa umenyooshwa, na glavu ilikuwa imevuliwa.

Lempi aliufahamu uzito wa mkono ule. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa barabara, mahali ambapo ziwa huonekana katikati ya miti, na hakuna basi lililowahi kufika huko. Asiye na gari pale hungoja kubebwa kama gunia la viazi. Tena hakuwa peke yake. Mbele zaidi, upande wa pili wa ghuba, aliishi rafiki yake Aili Maki, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Lempi ndiye aliyekwenda kumsomea magazeti, kumkatia kucha, kumwashia sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, na kumsugua mgongo. Ukimnyang’anya Lempi funguo umewafungia ndani wanawake wawili.

“Nipe mpaka Jumapili nijue,” alisema. “Ikiwa ni mguu, nitakupa funguo hizi na zile za akiba, kwa mkono wangu. Sitanung’unika.”

“Utanung’unika.”

“Nitanung’unika kidogo.”

Rhonda akashusha mkono. Waliliacha gurudumu lipoe mpaka likaachia, kisha Rhonda akalipeleka gari polepole hadi nyumbani kwa mama yake, ambako hakukuwa mbali. Aliacha funguo kwa sharti moja: gari lisivuke masanduku ya barua, pale njia ya nyumbani inapokutana na barabara kuu.

Sasa, Lempi Kangas alikuwa mtu wa “kwa nini” tangu utotoni. Alipika katika kantini ya shule mpaka alipostaafu, na wapishi wenzake walizoea kumkuta amefungua mashine ya kukandia unga, si kwa sababu imeharibika, ila alitaka kuona ile kelele inatoka kwenye jino gani. Mara moja alizika trei ya mayai kwenye theluji ili ajue yataganda baada ya muda gani, akajua, na watoto wa shule siku hiyo wakala mkate usio na mayai. Waino alikuwa akisema kwamba mkewe hawezi kufa ghafla, kwa kuwa lazima kwanza aulize sababu.

Kwa hiyo kesho yake, Ijumaa, baada ya kahawa, aliingia garini akavua kiatu cha kushoto. Akaukunja mguu huo na kuukalia, soksi ya sufu na yote, kama mtoto aliyepandishwa kwenye kiti cha watu wazima. Kama ni mguu, aliwaza, leo hauna pa kufika.

Aliendesha hadi masanduku ya barua akarudi. Akaenda tena, akarudi tena. Mguu wa kulia, usiozoea kazi ya breki, ulikanyaga kama unaua panya, na kila mara gari liliinamisha pua mpaka miwani ikamshuka. Aliposimama mbele ya banda, alishuka na kiatu kimoja, akachota theluji kwa mikono miwili, akairusha kwenye gurudumu la nyuma la kulia, katikati ya matundu ya rimu. Theluji ikakaa. Akarusha kwenye la nyuma la kushoto. Ikakaa. La mbele la kulia, ikalegea taratibu na kuanza kudondoka. Akalizunguka gari hadi la mbele la kushoto.

Tsss!

Theluji iligeuka maji kabla haijatulia, na mvuke ukampanda usoni.

Lempi alipiga makofi. Mguu ukikanyaga breki, hukanyagia magurudumu yote; hauchagui moja. Na leo mguu wenyewe ulikuwa umekaliwa. Alikuwa tayari kumpigia Rhonda simu. Lakini alipofika mlangoni, furaha ikampungua. Je, kama gurudumu ni gonjwa na mguu nao ni mgonjwa? Kulikuta gurudumu bovu si kumwona dereva mzima. Akaiacha simu mahali pake, akaenda kutafuta kiatu.

Jumamosi asubuhi akaja Onni, mdogo wake marehemu Waino, mwanamume mnene mwenye ndevu zilizoshika barafu, fundi wa misumeno ya kukatia miti. Aliamini dawa tatu tu duniani: grisi; grisi ikishindwa, nyundo; nyundo ikishindwa, sauna. Kila vuli alizunguka kwa ndugu zake wote na ndoo ya grisi, akilala chini ya magari yao na kuyapaka tumbo zima ili chumvi isipate pa kuuma. Hakutaka malipo, kahawa tu.

“Shemeji, kalipa imeganda,” alitangaza hata kabla hajavua kofia. Alikuwa na maana ya lile kono la chuma linalokumbatia diski ya gurudumu na kuibana mtu akikanyaga breki.

“Umejuaje na hujaigusa?”

“Nimeona nyingi.”

“Umeona nyingi, au umegonga nyingi?”

“Zote nilizogonga nilikuwa nimeziona,” alisema Onni, akatabasamu ndani ya ndevu.

Banda lilikuwa na jiko la kuni, na jiko lilikuwa linanguruma. Walizuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, wakainua mbele kwa jeki, wakaweka stendi, wakatoa tairi. Lempi akaingia ndani, akakanyaga breki na kuiachia. Onni akajaribu kuzungusha diski kwa mikono. Haikwenda. Alijaribu mpaka uso ukawa mwekundu.

“Si nilikuambia? Imeganda kama ziwa.”

“Subiri basi,” Lempi alisema akishuka haraka. “Sasa hivi kuna mtu ameishika. Kabla hujafungua kitu, tujue ni nani.”

“Tutajua tukifungua.”

“Ukifungua umemfukuza, Onni.”

Lakini Onni tayari alikuwa ameshika spana mkononi. Na mtu aliyetoka kwake kwenye baridi ile kuja kukusaidia, huwezi kumwekea mashauri mengi, unamwekea kahawa. Lempi akaenda jikoni kukata mkate wa iliki.

Onni akaifungua kalipa yote, akaziba kwa kizibo ncha ya mpira wa breki, ule mrija unaoleta mafuta kwenye kalipa, akasugua pini zinazoifanya kalipa iteleze, akazipaka grisi yake maalumu. Kisha akaichukua kalipa kama mtoto aliyekunjwa katika taulo, akavuka nayo ua hadi kwenye sauna, ambako moto wa Jumamosi ulikuwa umeshawashwa, akailaza kwenye benchi la juu, lile ambalo hata wanaume wenye majivuno hawalikalii kwa muda mrefu.

“Unaweka breki yangu saunani?”

“Chuma kikipata joto kinalegea. Na sisi je, si hivyohivyo?”

“Sisi hatuvuji mafuta ya breki kwenye mbao.”

“Nimeweka gazeti.”

Walikunywa kahawa. Aliporudi na kalipa, ikiwa ya moto kiasi cha kushikwa kwa glavu, aliiweka kwenye jiliwa na kuisukuma pistoni, kile kisukumizi kilicho ndani yake. Iliingia kama kidole kwenye siagi.

“Unaona!” Onni alisema. “Joto!”

Lempi aliinama, akaitazama ile pistoni. Ilikuwa inang’aa pande zote. Hakukuwa na kutu hata chembe.

“Imeingia kwa sababu ya joto,” aliuliza, “au haikuwa imeganda tangu mwanzo?”

“Hilo hatulijui.”

“Ndilo ninalosema. Sasa hatutalijua kamwe.”

“Kwani lazima tulijue? Gurudumu lizunguke tu, basi.”

Hapo ndipo mashemeji hawa wawili walipotofautiana tangu siku ya harusi ya Lempi. Onni alitaka kitu kifanye kazi. Lempi alitaka kujua kwa nini kilikuwa hakifanyi.

Kalipa ilirudishwa mahali pake. Lempi akakanyaga, Onni akafungua na kufunga kijiskrubu cha kutolea hewa, mpaka mafuta yakaja safi bila mapovu. Onni akalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja. Likaenda, likaenda, likaendelea kwenda. Akakunja mikono kifuani.

“Sitaki shukrani,” alisema. “Nitachukua mkate uliobaki.”

“Utachukua baada ya masanduku ya barua.”

Waliteremsha gari, wakaenda pamoja na kurudi, Lempi akiwa amekalia mguu wake na Onni akijitahidi asiulize. Banda lilipofikiwa, Lempi akachota theluji.

Tsss!

Onni alivua kofia akajikuna.

“Labda lina joto la sauna bado,” alisema Lempi, bila kucheka.

“Shemeji, usinitie kichaa.”

“Inua tena. Sasa ni zamu yangu.”

Gari likarudi juu ya stendi. Lempi akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu kabisa na gurudumu lililoshika. Alimkataza Onni kugusa nyundo, spana, na ile ndoo ya grisi. Alikaa hivyo kwa muda, mikono mapajani, akitazama. Onni akasema alikuwa amewahi kumwona daktari wa ng’ombe akifanya vile, na ng’ombe akafa.

“Kile kijiskrubu cha hewa,” alisema Lempi hatimaye. “Kifungue kidogo. Kidogo tu.”

Onni akatia spana, akazungusha. Mafuta yakaruka kwa nguvu, yakampiga Onni kwenye ndevu, yakaisha. Na wakati huohuo diski, ambayo hakuna mkono uliokuwa umeiweza, ikasogea yenyewe chini ya kiganja cha Lempi.

“Ala!” Onni alisema, akijifuta.

Lempi alikuwa ameshashika mashavu. Katika kantini ya shule kulikuwa na sufuria kubwa la mvuke, na kila mpishi mpya alifundishwa jambo moja: mfuniko ukikataa kufunguka usiupige, mvuke bado uko ndani. Toa mvuke kwanza, mfuniko utafunguka wenyewe.

“Kalipa haina kosa,” alisema. “Ilitaka kuachia. Mafuta ndiyo yaliyokataa kurudi. Yameingia na hayatoki, kama jamaa zako wakati wa Krismasi.”

“Jamaa zangu ndio wakwe zako.”

“Basi nawajua. Hebu kanyaga tena.”

Onni akakanyaga, akaachia. Gurudumu likashika. Lempi akavua glavu. Aliwaza kwa sauti, kama afanyavyo peke yake jikoni: mafuta huingia kwa nguvu za mguu, lakini kurudi hurudi kwa hiari yao. Mlango uliobanwa humpitisha anayesukumwa, humzuia anayetembea taratibu. Basi kuna mlango mahali fulani umebanwa. Wapi?

Kidole chake kikaanzia kwenye kalipa na kupanda kikifuata mpira wa breki. Mpira ulikuwa laini na mzima. Ukapinda nyuma ya springi. Katikati yake kulikuwa na kibano cha chuma kilichoufungia mpira ule kwenye mwili wa gari usipepesuke. Hapo kidole kikazama kwenye grisi, grisi ya miaka mingi, tabaka juu ya tabaka, nyeusi na ngumu kama uji uliosahauliwa.

“Hiyo ni yangu,” Onni alisema kwa fahari. “Hapo napaka kila vuli. Chumvi haigusi.”

Lempi akakwangua kwa kisu cha siagi. Grisi ikatoka vipande vizima. Chini yake hakikuwa chuma tena, ilikuwa kutu iliyofura, imejaa ndani ya kibano kama unga uliozidi hamira, na katikati ya kutu hiyo mpira ulikuwa umeminywa mpaka ukawa na kiuno cha nyigu.

Onni aliinama akatazama.

“Lakini nimepaka kila mwaka,” alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

“Umepaka juu ya chumvi, shemeji. Ulikuta chumvi imeshaingia, ukaifunika blanketi isipate baridi.”

“Basi nimefunika magari ya ukoo mzima.”

“Masika utayafunua. Sasa nisikilize, usikate. Bado limeshika?”

Onni akajaribu. “Limeshika.”

“Weka bisibisi kwenye kibano. Kipanue. Mimi nashika diski.”

Onni akapenyeza bisibisi kubwa, akaegemea. Kutu ikalia, ikapasuka, ikamwagika kwenye sakafu kama maganda ya kitunguu. Na Lempi, macho ameyafumba ili asikie vizuri kwa kiganja, akaisikia diski ikiachia, polepole, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi.

Walitazamana. Kisha Onni akaanza kucheka, na Lempi akacheka, wakacheka wawili hao kwa sababu ya kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Onni akaondoka kwenda mjini kutafuta mpira mpya, na wa kulia pia, maana kutu haina upande. Jioni hiyo, katika sauna iliyonukia mafuta ya breki, Lempi alimwagia mawe maji mara nyingi kuliko kawaida ili aifukuze harufu ya shemeji yake.

Jumapili baada ya kanisa Rhonda alifika na pasti, mikate midogo iliyojazwa nyama na viazi, alizozifunga kwa taulo. Onni alikuwa ameshafunga mipira yote miwili, akabaki na kazi ya kutoa hewa. Lempi alimweleza bintiye kila kitu, kuanzia theluji hadi kiuno cha nyigu, akamwekea kile kibano kilichopasuka mkononi.

“Ingia ukanyage,” Onni alimwambia Rhonda. “Mama yako amechoka kukalia mguu.”

“Kukalia nini?”

“Kanyaga tu.”

Rhonda akaketi kwenye kiti. “Kanyaga!” Onni alipaza sauti. “Shikilia! Achia! Kanyaga!” Lempi alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari, akitazama. Akainama.

“Rhonda.”

“Naam, Mama.”

“Mguu gani huo?”

Rhonda akatazama chini. Ulikuwa wa kushoto. Chini ya gari Onni alikohoa ili kuficha kicheko.

“Baba ndiye aliyenifundisha,” alisema Rhonda.

“Hata mimi.”

Lakini Rhonda hakuwa mtu wa kunyamazishwa kwa kicheko. Tairi lilipokwisha kufungwa na gari kusimama tena kwa miguu yake minne, alimshika mama yake mkono.

“Umenionyesha gari lilikuwa linaumwa. Nimekubali. Hujanionyesha kama wewe ni mzima.”

“Ndicho ninachokitaka mimi pia,” Lempi akasema. “Tangu Ijumaa nalala nalo. Nimefikiri hivi: taa za nyuma. Mguu ukigusa breki, hata kama mimi mwenyewe sijui, taa zinajua. Nitaendesha kwa miguu yote miwili, kama siku zote. Wewe nifuate na gari lako utazame. Ukiona taa zimewaka mahali pasipo na sababu, kumbuka mahali. Ila usinihurumie.”

“Sitakuhurumia.”

“Ahaa. Ndiyo maana sikumwomba Onni anifuate.”

Waliondoka, mama mbele, binti nyuma. Barabara ya Salmi ilikuwa nyeupe na safi; theluji mpya ilikuwa imeanguka alfajiri na hakuna aliyeikanyaga kandokando. Lempi hakujikaza. Alijua kwamba akijikaza hatajua kitu. Akajiachia awaze mambo yake ya kawaida: kama Aili ana kuni, kama mpira mzuri unaweza kudumu kuliko gari, kwa nini moshi wa nyumba ya akina Salmi leo unalala badala ya kusimama. Alipita kona, akapita daraja, akaenda hadi mwisho wa ghuba, akageuza, akarudi. Karibu na kwao alisimama pembeni, na Rhonda akasimama nyuma yake. Wote wawili wakashuka.

“Kwenye kona na darajani ziliwaka,” Rhonda alisema. “Hapo ni haki. Lakini mara mbili ziliwaka bure. Mara ya kwanza kwenye mibetula. Barabara imenyooka, hakuna kitu, taa zikawaka.”

“Pale palikuwa na kulungu.”

“Mama, nilikuwa nyuma yako. Sikuona kulungu.”

“Jike, na mtoto wa mwaka jana. Walikuwa wanatoka upande wa ziwa.”

Rhonda hakutaka kubishana, na hakutaka kukubali. Lempi tayari alikuwa anatembea kuelekea kwenye mibetula, ile miti ya magome meupe, mabuti yakilia kwenye theluji. Walifika. Kwenye ukingo wa barabara, juu ya theluji ya alfajiri, kwato kubwa na kwato ndogo zilikuwa zimechora njia yake kutoka ziwani, zikavuka, zikapotelea msituni. Nyayo zilikuwa mpya kiasi kwamba punje za theluji bado zilikuwa zinaporomoka ndani yake.

Rhonda alichuchumaa akazigusa. “Haya,” alisema. “Haya, Mama. Macho yako yanaona kuliko yangu.”

“Na ya pili?”

“Ya pili ni huku karibu, kwenye mnyooko, kabla hujasimama. Baada ya nyumba ya akina Salmi.”

Lempi aligeuka akaitazama barabara. Ilikuwa imenyooka, imenyamaza, nyeupe pande zote. Alirudi nyuma akilini mwake hatua kwa hatua: nyumba ya akina Salmi, moshi uliolala, kisha... Alisimama hivyo kwa muda mrefu, mpaka Rhonda akaanza kupiga miguu chini kwa baridi.

“Hapo hapakuwa na kitu,” Lempi alisema. “Nilikuwa nawaza kuhusu moshi. Hapo ni mguu.”

Hakulalamika. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa funguo, na kutoka mfuko wa pili akatoa zile za akiba, alizokuja nazo kwa sababu alikuwa ameahidi. Akaziweka zote kwenye kiganja cha bintiye.

Rhonda alizitazama. Alimtazama mama yake. Kisha akachagua funguo za akiba akazitia mfukoni mwake, na zile nyingine akazirudisha.

“Ungeniambia ulimwona sungura,” alisema, “ningezichukua zote.”

“Nilimfikiria sungura.”

“Najua. Nilikuona unamtafuta.”

“Theluji ingeniumbua,” alisema Lempi, na sasa akacheka, akajifuta pua kwa glavu. “Lakini Rhonda, sikia. Mara moja tu, kwenye njia yote ile? Kwa nini pale, isiwe kwingine? Nilipowaza kuhusu kuni za Aili mguu haukupanda. Nilipowaza kuhusu mpira haukupanda. Umepanda nilipogeuza macho pembeni kutazama kitu. Unaona? Huenda macho yakienda pembeni, mguu unaogopa wenyewe.”

“Au umezeeka.”

“Au nimezeeka. Lakini hatujui.” Alikuwa ameshafungua mlango wa gari. “Nifuate tena. Safari hii nitatazama moshi makusudi, na nyumba ya Onni, na ziwa. Wewe tazama taa.”

“Mama, pasti zinapoa.”

“Zitapashwa,” alisema Lempi, akafunga mlango, akawasha gari.